Kutafuta umbo la paa la utando uliokazwa: kutoka pembe nne hadi vipande vya kukata

Paa la zege unalichora kwanza, kisha unapiga hesabu uone kama litasimama. Paa la turubai lililokazwa linakwenda kinyume. Kitambaa hakina uwezo wa kusukumwa wala kubeba mzigo kwa kupindwa; kazi yake ni kuvutwa tu. Kwa hiyo mambo unayopanga ni mawili: kitafungwa wapi, na kitavutwa kwa nguvu gani. Umbo linatoka humo. Anayelichora kwa jicho kwenye kompyuta na kumpelekea fundi michoro ya kukatia atapata mikunjo pembeni na kitambaa kilicholegea katikati, na hata ukaze vipi, mikunjo hiyo haitoki.

Kabla ya kompyuta, mbunifu majengo Frei Otto kule Stuttgart, Ujerumani, alitafuta maumbo kwa sabuni: unachovya fremu ya waya kwenye maji ya sabuni, na utando unaobaki juu yake una mkazo uleule kila mahali na kila upande. Paa za Olimpiki ya Munich ya 1972 zilianzia kwenye vielelezo vidogo, vikapimwa kwa kipimo cha 1:125. Kosa la milimita 1 kwenye kielelezo cha namna hiyo ni sentimita 12.5 kwenye jengo, na wavu wa kebo za chuma wenye macho ya sentimita 75 hauwezi kustahimili kosa hilo. Kutokana na kazi hiyo Klaus Linkwitz na Hans-Jörg Schek walitengeneza njia ya densiti ya nguvu, ambayo Schek aliichapisha kwa ukamilifu mwaka 1974. Ndiyo tunayoanza nayo hapa, kwa sababu unaweza kuiandika mwenyewe kwa lugha ya programu ya Python pamoja na maktaba zake za hesabu, NumPy na SciPy, kwa jioni moja.

Mfano tutakaoufuata ni kivuli cha pembe nne, mita 8 kwa 8. Pembe mbili zinazokabiliana kwa mshazari ziko juu mita 5, mbili nyingine mita 2.5. Umbo lake ni kama tandiko la farasi: upande mmoja linabonyea, upande mwingine linapanda. Vipimo vyote ni kN (kilonewton, yaani newton elfu moja za nguvu) na mita. Shika hivyo hadi mwisho. Kuchanganya N na kN ndilo kosa linalopoteza siku nyingi kuliko yote.

Hatua ya 1: nodi moja, kwa kalamu

Densiti ya nguvu ni nguvu iliyo ndani ya uzi ukigawanya kwa urefu wake:

q = F / L

Kwa nini tusitumie F yenyewe? Kwa sababu urefu L unategemea nodi, yaani mahali nyuzi zinapokutana, zitakaa wapi, na hapo ndipo hatujui bado. Ukishikilia F, milinganyo inakuwa na vipeo na vipeuo. Ukishikilia q, L inatoweka na kila kitu kinakuwa mlinganyo wa mstari ulionyooka.

Weka nodi moja katikati, ifunge kwa nyuzi nne kwenda pembe nne. Urefu wake kutoka ardhini ni:

z = (q1·z1 + q2·z2 + q3·z3 + q4·z4) / (q1 + q2 + q3 + q4)

Nyuzi zote zikiwa na q = 1, z = (5 + 5 + 2.5 + 2.5) / 4 = 3.75 m. Ukiongeza nyuzi mbili za pembe za juu ziwe q = 2, z = 25 / 6 = 4.17 m. Nodi imepanda kuelekea kule inakovutwa zaidi. Hakuna zaidi ya hilo; nodi elfu moja zinafuata sheria ileile. Nguvu unaipata baadaye: kutoka pembe hadi katikati ni mita 5.79, basi uzi wa q = 1 kN/m una nguvu ya 5.79 kN.

Fanya hesabu hii kwa mkono kabla ya kuandika programu. Ndiyo itakayokuwa kipimo chako cha kwanza: programu isipotoa 3.75, usiendelee.

Hatua ya 2: wavu mzima

Gawanya kila upande mara 16. Unapata nodi 17 × 17, yaani 289, na nyuzi 544. Pembe nne zimefungwa, nodi 285 ziko huru. Nyuzi za ukingoni ni kebo ya chuma. Za ndani kila moja inawakilisha ukanda wa kitambaa wenye upana wa karibu nusu mita.

Andika matriksi C (jedwali la namba) yenye safu 544, moja kwa kila uzi: katika kila safu weka +1 kwenye nodi uzi unakoanzia na −1 unakoishia, kwingine sifuri. Tenga nguzo za jedwali, yaani mistari yake ya wima: za nodi huru (kuanzia hapa ndizo C) na za nodi zilizofungwa (Cf). Weka thamani za q kwenye mshazari wa matriksi Q. Kisha:

D = CᵀQC
Df = CᵀQCf
D·x = px − Df·xf

Hapa x ni mahali pa nodi huru, xf pa nodi zilizofungwa, na px ni mzigo wa upande huo. Rudia mlinganyo wa mwisho kwa y na z. D ni ileile kwa zote tatu, kwa hiyo ichanganue mara moja tu. Mzigo p uwe sifuri: kitambaa cha polyester kilichopakwa PVC kina uzito wa takriban kilo 0.9 kwa mita ya mraba, kitu kidogo mbele ya mkazo tutakaoweka. Tumia zana za SciPy za matriksi zenye sifuri nyingi. Kwa nodi 285 hutaona tofauti. Kwa nodi 20,000 kompyuta itaishiwa kumbukumbu usipozitumia.

Programu ikilalamika kwamba D haina kinyume chake, karibu kila mara kuna nodi isiyounganishwa na pembe yoyote iliyofungwa. Mara nyingi ni nodi mbili zilizokaa mahali pamoja baada ya kuingiza michoro: machoni ni moja, kwenye orodha ni mbili. Unganisha nodi zote zilizo karibu kuliko milimita 1 kabla ya kuanza.

Hatua ya 3: kuchagua q, na hasa q ya ukingo

Kwa ndani, jicho la wavu likiwa la mraba, upana wa ukanda na urefu wa uzi vinalingana, hivyo q ni sawasawa na mkazo wa kitambaa kwa mita. Ukitaka mkazo wa awali wa 1.5 kN/m, weka q = 1.5. Kwa kitambaa cha PVC watu hutumia kati ya 1 na 3 kN/m.

Ukingoni ndiko wengi wanakobahatisha, na hakuna haja. Kebo inayovutwa ndani na kitambaa chenye mkazo ule ule kila upande hujikunja kuwa upinde, na nguvu yake ni mkazo mara nusukipenyo:

T = σ · R

Kati ya pembe ya juu na ya chini kuna mita 8.38 kwa mstari ulionyooka. Upinde uingie ndani asilimia 10 ya urefu huo, yaani mita 0.84. R inatoka takriban mita 10.9, na T = 1.5 × 10.9 = 16.3 kN. Kila kipande cha kebo kina urefu wa mita 0.54, basi q ya kebo ni karibu 30. Kwa maneno mengine, ukingo unahitaji densiti mara 20 ya ndani. Ukiuacha ukingo na q = 1.5 kama kwingine, pande zinakimbilia katikati na kivuli chako kinageuka kuwa nyota nyembamba isiyofunika kitu.

Usishangae upinde wa kwanza ukitoka na kina pungufu ya asilimia 10. Wavu umesinyaa, nyuzi za ndani zimekuwa fupi kuliko nusu mita, na kwa kuwa q imeshikiliwa, nguvu zake nazo zimepungua. Rekebisha hivi: soma urefu mpya wa kila uzi (L) na upana mpya wa ukanda wake (b), kisha weka q = σ·b / L kwa kitambaa na q = T / L kwa kebo, utatue tena. Kwa umbo la tandiko, rudia hadi hakuna nodi inayosogea zaidi ya milimita 1. Kwa kawaida ni mizunguko michache.

Sasa tazama pembe. Kebo mbili za 16.3 kN zinakutana pale kwa pembe ya karibu nyuzi 40, na jumla yake ni karibu 30 kN, sawa na kuning'iniza tani tatu. Hiyo ni kwa kila pembe, kabla upepo haujavuma. Nguzo na msingi uliokusudiwa kushika turubai la kawaida la sherehe havifai hapa.

Hatua ya 4: soma nguvu, usisome picha

Njia ya densiti ya nguvu ina sifa moja ambayo ni neema na mtego kwa pamoja: q zote zikiwa chanya, itakupa jibu daima. Picha itakuwa laini na ya kuvutia hata kama mkazo wa sehemu moja ni mara saba ya mwingine. Kwa hiyo, kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, toa jedwali la vitu vitatu.

Cha kwanza ni jumla ya nguvu katika kila nodi huru, isizidi 0.001 kN. Cha pili ni mkazo kwa mita katika kila ukanda, mdogo na mkubwa kabisa. Cha tatu ni mpindo. Katikati ya kivuli chetu, mshazari wa mita 11.31 unashuka mita 1.25, hivyo nusukipenyo cha mpindo ni 11.31² / (8 × 1.25) = mita 12.8, na mshazari wa pili una kiasi hichohicho kwa upande wa kinyume. Hali hiyo ni nzuri. Lakini pembe za juu zingekuwa mita 3 badala ya 5, mshuko ungebaki mita 0.25 na nusukipenyo kingefika mita 64. Utando wa namna hiyo ni kama meza. Maji ya mvua yakituama sentimita 10 tu, kila mita ya mraba inabeba kilo 100. Kitambaa kinabonyea, maji mengine yanafuata, na hakuna kinachoyazuia hadi kitu kikatike. Ukikuta nusukipenyo kikubwa namna hiyo, usiongeze mkazo ukidhani umetibu. Rudi kwenye nguzo, ongeza tofauti ya kimo.

Hatua ya 5: ulegezaji wa mwendo

Ukitaka mkazo ulio sawa kikweli, au kebo zenye urefu uliopangwa, au nguzo zinazoegemea na kushikwa na waya, tumia njia ya ulegezaji wa mwendo, iliyoelezwa na Alistair Day mwaka 1965 na baadaye kuendelezwa na Mike Barnes kwa ajili ya tando na nyavu za kebo. Badala ya kutatua matriksi, unaziachia nodi ziende zenyewe. Kila nodi inapewa tungamo la kubuni, inasukumwa na nguvu isiyosawazishwa iliyobaki kwake, na inatembea hatua ndogondogo hadi itulie.

Anza na umbo ulilopata kwa densiti ya nguvu. Kila mzunguko, piga hesabu ya nguvu iliyobaki r kwenye kila nodi, kisha (v ni kasi, m ni tungamo, Δt ni hatua ya muda):

v mpya = v ya zamani + Δt · r / m
x mpya = x ya zamani + Δt · v mpya

Weka Δt = 1 na uchague m isiyopungua S·Δt² / 2, ambapo S ni jumla ya ukakamavu (ugumu wa kunyooshwa) wa nyuzi zote zinazofika kwenye nodi hiyo. Nodi zikianza kuruka na namba kuwa kubwa ajabu, m ni ndogo mno. Zidisha mara mbili uanze upya. Nodi za ukingoni ndizo huharibu mambo mara nyingi, kwa sababu kebo ni kakamavu kuliko kitambaa kwa mbali.

Kuzituliza, fuatilia nishati ya mwendo ya wavu mzima, yaani jumla ya ½·m·v². Inapopanda, ziache ziende. Mara tu inapoanza kushuka, ina maana kilele kimepita: weka kasi zote kuwa sifuri, kisha uanze tena kutoka hapo kwa v = Δt · r / (2m). Vilele vitakuwa vidogo zaidi na zaidi. Simama pale nguvu iliyobaki kubwa kuliko zote inapokuwa chini ya 0.01 kN.

Katika hatua hii ya kutafuta umbo, usiingize ukakamavu halisi wa kitambaa. Mpe kila ukanda, au bora zaidi kila pembetatu ya kitambaa, mkazo usiobadilika hata kikinyooshwa. Ukiweka ukakamavu halisi, umbo linaanza kutegemea urefu wa wavu uliouchora kwa kukisia, na hiyo siyo tena kazi ya kutafuta umbo.

Mitego ni miwili. Wa kwanza ni kebo dhaifu. Upinde hauwezi kuwa na nusukipenyo kidogo kuliko nusu ya umbali wa pembe zake, hapa mita 4.19, na hilo linadai T isiyopungua 1.5 × 4.19 = 6.3 kN. Weka 5 kN, na ukingo utakula kitambaa chote mbele ya macho yako. Densiti ya nguvu isingekuonya. Ulegezaji wa mwendo unakuonya kwa kuanguka. Wa pili ni nodi kuteleza. Mkazo ukiwa sawa kila upande, hakuna kinachoishika nodi isitembee juu ya uso wenyewe, hivyo macho ya wavu yanajikusanya upande mmoja hadi pembetatu zigeuke sindano. Umbo ni sahihi, wavu umeharibika. Bletzinger na Ramm mwaka 1999 walitoa dawa: tatua kwa mkazo uliorejelewa kwenye umbo la mzunguko uliotangulia, kisha ulifanye umbo jipya kuwa rejeo, na kadhalika. Kwa kivuli kidogo inatosha kupanga upya nodi kwa nafasi sawa na kuendelea.

Koni: pale sabuni inapokataa

Mtu akijua tandiko, hudhani hema lenye mlingoti katikati ni jambo lilelile. Sivyo. Chukua koni yenye pete ya juu ya nusukipenyo cha mita 0.3 na duara la chini la mita 4. Utando wenye mkazo sawa kila upande, ukipiga hesabu ya umbo lake, hauwezi kuzidi kimo cha mita 1.04 au karibu hapo. Ukivuta pete juu ya hapo, shingo inajibana na utando unakatika, iwe ni sabuni kwenye sinki au nodi kwenye kompyuta. Kama mteja anataka mita 3, hakuna programu itakayompa kwa mkazo sawa.

Kwa hiyo unaongeza mkazo wa kutoka juu kwenda chini na kupunguza ule wa kuzunguka. Anza na uwiano wa 2 kwa 1, kisha 3 kwa 1, huku ukitazama shingo. Densiti ya nguvu inafaa sana hapa kwa sababu haivunjiki, ila soma jedwali lako kwa makini. Tuseme una nyuzi 32 zinazoshuka kutoka kwenye pete. Chini zimeachana mita 0.785, juu mita 0.059 tu. Uzi wenye 1.18 kN chini ni mkazo wa 1.5 kN/m, hata ukifika juu na nusu ya nguvu hiyo, mkazo ni karibu 10 kN/m. Ndiyo maana pete ndogo huchana kitambaa shingoni. Panua pete, weka kitambaa cha tabaka mbili sehemu ya juu, au pitisha kebo za chuma kutoka kwenye pete hadi pembeni ziubebe mzigo huo. Aliyepita kituo cha mahujaji cha uwanja wa ndege wa Jeddah, kilichomalizika 1981, amesimama chini ya koni 210 za namna hiyo, kila moja ikifunika mita 45 kwa 45, na akiinua macho anaziona kebo zikishuka kutoka kwenye pete ya juu.

Hatua ya 6: upepo, sasa kwa kitambaa halisi

Umbo likishatulia, ligandishe. Urefu wa kila uzi ulivyo sasa, ukiondoa kunyooka kunakotokana na mkazo wa awali, ndio urefu wake wa asili. Hapa ndipo ukakamavu halisi unaingia, na mkazo unaruhusiwa kubadilika.

Kadirio la mkono lije kwanza. Upepo wa kuinua wa 0.6 kN kwa mita ya mraba, ukibebwa wote na upande mmoja wa mpindo, unaleta 0.6 × 12.8 = 7.7 kN/m. Kitambaa cha PVC cha aina ya pili hukatika kwenye karibu 80 kN/m. Ukigawanya kwa 5 una 16, hivyo kinatosha. Kebo ya ukingo, kwa mkazo wa 8, inakaribia 87 kN: zaidi ya mara tano ya ilivyokuwa kwenye utulivu. Chagua kebo na viungo vyake kwa namba hii. Programu ikitoa kitu mbali sana na makadirio haya, programu ndiyo ya kukaguliwa.

Na mtande, yaani nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, uelekee wapi? Kwenye tandiko, nyuzi za mtande na za mshindio (zinazoukatiza) zifuate mishazari, juu kwenda juu na chini kwenda chini. Ukizilaza sambamba na kingo, kila uzi unakaa karibu umenyooka, hauna mpindo wa kubebea upepo, na kitambaa kinabaki kutegemea ukinzani wake wa kupindika kimshazari, ambao ni mdogo. Wavu wa kutafutia umbo unaweza kwenda sambamba na kingo kwa urahisi wa kuhesabu. Wavu wa kupimia upepo usifanye hivyo.

Hatua ya 7: kukata

Kitambaa kinakuja kwa robota lenye upana wa mita 2.5 au zaidi kidogo. Ondoa sentimita 5 za kupishanisha mshono. Mistari ya mishono ichore kwa njia fupi kabisa juu ya uso uliopindika, kama uzi uliovutwa juu ya mpira, siyo kwa mistari iliyonyooka kwenye ramani ya juu. Ukikata kwa mistari ya ramani, vipande vinatoka vimejipinda kama ndizi na nusu ya robota inaishia kuwa mabaki.

Kilaze kila kipande pembetatu moja baada ya nyingine. Kisha kipunguze, kwa sababu kitanyooka kikikazwa: asilimia 1 kwenye mita 8 ni sentimita 8. Kiasi kamili kipimwe kwenye sampuli ya robota lenyewe, ikivutwa pande mbili kwa pamoja kwa mkazo wako wa awali, kwani mtande na mshindio havinyooki sawa. Karibu na pembe zenye vyuma, kiasi hicho cha kupunguza kiwe kidogo zaidi kadiri unavyozisogelea, maana chuma hakitanyooka pamoja na kitambaa.

Mwisho, pima kila mshono kwenye vipande vyote viwili vinavyokutana. Vikitofautiana zaidi ya milimita chache, fundi wa kuchomelea atavuta kimoja kifike, na mkunjo utaonekana siku ya kukaza. Gawanya tofauti hiyo kwenye kompyuta, kwa urefu wote wa mshono, kabla faili halijaenda kwenye mashine ya kukata.